Miguu Mitupu ya Idjwi

Wiki hii grupu ya WhatsApp ya avenyu yetu hapa kartie ya Mapendo, Goma, haikujadili umeme, wala maji, wala bei ya makaa. Ilijadili miguu. Miguu miwili mitupu iliyonyooshwa juu ya mkeka, na mbele yake Ziwa Kivu limetulia. Mwenye miguu ni kijana wa hapa hapa, mpiga picha, tuliyezoea kumwona akipita mbio na kamera mbili shingoni. Safari hii alikuwa amepanda boti kwenda Idjwi kupumzika, akaweka picha zake kwenye status: miguu, nanasi lililokatwa vipande, watoto wanaojirusha majini kutoka kwenye pirogi, kikombe cha kahawa ya kisiwani. Chini yake aliandika neno moja tu: "Nimepumua."

Jua halijazama, alikuwa ameshachambuliwa hadi mifupa. "Watu wanalala njaa, mwenzetu anaota jua." "Hiyo ni pesa ya machozi yetu." Mwingine akauliza ni shirika gani limemlipia, kwa sababu hapa Goma mtu akila vizuri lazima kuna shirika nyuma yake. Matusi hayo yalinipita. Kilichonikaa rohoni ni maneno ya mama mmoja ninayemheshimu, muuza samaki wadogo wa sambaza, asiyetukana mtu: "Mwanangu, huu si wakati wake." Aliyasema kwa upole, na nyuma ya upole ule niliona robo tatu ya kartie ikitikisa kichwa kukubali. Kesho yake picha zilikuwa zimefutwa.

Sasa mimi nauliza: wakati wake ni upi?

Jioni ya Jumamosi tarehe 22 Mei 2021 mbingu ilipogeuka nyekundu juu ya volkano ya Nyiragongo, haukuwa wakati wake. Wote tulikimbia kuelekea tulikoweza, yeye akapanda kuelekea Buhene, lava ilikokuwa inakula nyumba. Siku tano baadaye, alfajiri, gavana Constant Ndima alisoma orodha ya kartie 10 zinazopaswa kuhama, na Mapendo ilikuwamo. Mnakumbuka barabara ya Sake siku ile, magodoro vichwani, watoto mgongoni, chukudu za mbao zimebeba bibi na masufuria. Yeye alisimama kando ya barabara akipiga picha, na mama yake mzazi alikuwa miongoni mwa waliopita mbele ya kamera. Baada ya hapo zikaja kambi za waliokimbia vita, Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala. Ikaja tarehe 3 Oktoba 2024, mashua ya MV Merdi iliyotoka Minova ikazama karibu na Kituku, watu wa nchi kavu wanatazama. Ikaja tarehe 27 Januari 2025, waasi wa M23 wakaingia mjini, na siku zilizofuata ambazo hakuna aliyezipitia anayependa kuzisimulia hadi leo. Mtu asiye na kalenda nyingine zaidi ya hiyo, mnataka apumzike tarehe ngapi?

Tofauti ya mpiga picha wa Goma na yule anayetoka nje ni kwamba wa Goma hana mahali pa kurudi. Mgeni anaingia kwa mpaka wa Gisenyi, anakaa siku zake, anapata picha zake, anatoka. Akiisha kutoka, akaenda kisiwa kidogo cha Ugiriki kulala, kula pweza aliyeanikwa juani na kupiga picha za paka juu ya kuta nyeupe, nani kati yetu atamwandikia kwamba si wakati wake? Wafanyakazi wa mashirika ya kimataifa hapa mjini wana likizo ya mapumziko ndani ya mkataba; kila baada ya majuma kadhaa wanafunga begi wanaondoka, na hatujawahi kuwaita wasaliti. Tunasema tu, "Wazungu wanajua kuishi." Mtoto wetu akivuka ziwa, tena ziwa lake mwenyewe, tunamwita mla machozi.

Na watoto wetu hawa wenye kamera si wa kudharauliwa. Mwaka 2020 Covid ilipofunga mipaka, Finbarr O'Reilly, aliyekuwa amepata tuzo ya Carmignac ili apige picha Kongo, aliwafungulia mlango wapiga picha wa Kongo wenyewe wasimulie. Ndipo dunia ikajifunza majina ya Arlette Bashizi, Moses Sawasawa, Guerchom Ndebo, Ley Uwera. Mwaka huo huo Pamela Tulizo, binti wa mji huu, alipata tuzo ya Dior ya wapiga picha vijana, kwa picha za wanawake wa Goma wanaotazama kamera bila kuomba huruma ya mtu. Magazeti makubwa sasa yananunua macho ya Goma. Jicho nalo linachoka. Kevin Carter wa Afrika Kusini alipiga picha ya mtoto na tumbusi kule Sudan mwaka 1993, akapewa Pulitzer mwaka 1994, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amejiua, na umri wake miaka 33. Sisemi kwamba juma moja la nanasi lingemwokoa. Nasema anayetazama vifo kwa kazi asinyimwe kutazama kitu kingine.

Najua mtakaponishika. Mtasema: "Apumzike, nani amemkataza? Lakini kwa nini atuonyeshe?"

Hapo ndipo ninapokataa kabisa. Tumemruhusu atuonyeshe kila kitu. Tumemruhusu aonyeshe mama zetu wakilia, maiti zetu, matope ya kambi zetu. Picha hizo zikitoka kwenye gazeti la Ulaya tunazisambaza na kusema, "Dunia ione." Basi ione na miguu iliyonyooshwa. Kama picha ya Kongo inayokubalika kwetu wenyewe ni ile ya mateso peke yake, tusiwalaumu tena wageni wanaokuja kutafuta mateso.

Jean Depara alikuwa akipiga picha Kinshasa katika miaka ya 1950 na 1960. Kumbukeni miaka ile ilikuwaje: uhuru, Katanga kujitenga, Lumumba kuuawa Januari 1961, uasi wa Simba mwaka 1964. Depara alikuwa wapi? Kwenye mabaa, na kwenye bwawa la kuogelea la Funa, akiwapiga picha vijana waliotunisha vifua na wasichana waliojipamba wakatoka. Naamini hata yeye kuna shangazi aliyemwambia si wakati wake. Leo picha zile ndizo zinazotuonyesha kwamba wazee wetu hawakuwa watu wa kuuawa na kutawaliwa tu. Walicheka, walivaa, walilowa maji.

Lakini hasira ya Mapendo ina mzizi mwingine, nao si wa kipumbavu. Sisi na ziwa hili tunafahamianaje? Kwa bidoni. Tunalijua kwa uzito wa lita 20 mgongoni. Ufuko kule Himbi umezungushiwa kuta za nyumba za wakubwa na hoteli. Mtoto wa Mapendo anaweza kufikisha miaka 15 hajawahi kukaa mbele ya maji bila kuwa ametumwa kitu. Ndiyo maana tulipomwona mwenzetu amekaa mbele ya maji, hachoti, hafui, havui samaki, tulimwona amekalia kiti cha watu wengine. Kupumzika kumekuwa mali ya wenye kuta. Tukaona ni afadhali kumshusha yeye kuliko kuuliza nani aliyezijenga.

Nimtetee basi bila kumpamba. Idjwi si pepo. Ni kweli vita vingi vya Kivu vilikipita pembeni kisiwa kile, na usiku wake una giza na ukimya ambao Goma imeusahau. Lakini ardhi ni finyu kwa watu wengi, mashamba mazuri yako mikononi mwa wachache, Wambuti wanaishi kwenye vipande visivyotosha kupanda viazi, na vijana wake wanavuka kuja huku huku Goma kutafuta maisha. Visiwa vya Ugiriki navyo havikuwa tofauti sana zamani. Kabla ya watalii kulikuwa na umaskini, na Wagiriki wengi wa visiwani waliukimbia hadi Kongo yetu; waliokuwa wakiendesha biashara ya samaki Kasenga, kwenye mto Luapula, walitoka huko. Mahali pa mmoja kupumulia ni mahali pa mwingine kutafutia riziki. Mpiga picha anayejua kazi yake anaona yote mawili, na nina hakika huyu wetu aliyaona. Hakuwa na deni la kuyaweka yote kwenye status.

Kwa hiyo, mama yangu muuza sambaza, kwa heshima zote, nakukatalia. Wewe mwenyewe Jumapili baada ya misa unavaa kitenge kipya, unakaa nje na wenzako, mnacheka hadi tunawasikia avenyu ya pili. Hakuna anayekuambia ukumbuke kambi. Nawe usimwambie.

Lakini lawama yangu kubwa inakwenda kwa wanaonunua picha zetu. Wengi wa vijana hawa wanalipwa kwa siku. Siku isiyo na risasi haina malipo, bima hakuna, konje (likizo) hakuna, na mtu akiugua kwa yale aliyoyaona, ni shauri la familia yake. Ofisi inayompa mfanyakazi wake wa kigeni siku za mapumziko na tiketi ya ndege haiwezi kuniambia imeshindwa kumwandikia mpiga picha wa Mapendo juma moja la konje la kulipwa kwenye mkataba. Mwandikieni. Na akirudi, msimuulize alikuwa wapi.