Jasho la Mchoraji wa Kati



Ramadhani iliyopita, baada ya futari, ndugu mmoja aliunganisha kompyuta na projekta akawaonyesha wenzetu katuni ya dakika 2 kuhusu kunawa mikono, ambayo nilikuwa nimelitengenezea shirika moja hapa Kigali. Ilipoisha, jina langu likabaki ukutani peke yake. Watu wakanigeukia: mashaallah, mashaallah. Nikajibu alhamdulillah, kama inavyotakiwa. Nyuma yao kijana wa mwaka wa kwanza alikuwa anamimina chai. Zaidi ya michoro 800 ya katuni ile ilikuwa kazi ya mkono wake. Naye pia akasema mashaallah, na hakuwa anakejeli.

Angelalamika ningejua la kumjibu. Tulikubaliana bei, nilimlipa faranga 70,000 siku aliyonikabidhi faili, jasho lake halijakauka, kama Mtume (s.a.w.) alivyotuagiza. Sasa kwa nini nilishindwa kumtazama usoni?

Tusidanganyane, wengi wetu hapa chuoni tunatazama anime. (Hukumu ya kuchora viumbe vyenye roho wanazuoni wameijadili kwa urefu, nami si mtu wa kuitolea neno, leo nauliza jambo jingine.) Mimi nilijifunza kuchora kwa kusimamisha One Piece picha baada ya picha. Mfululizo huo ulianza kurushwa Oktoba 1999 na mwaka 2021 ulifikisha sehemu ya 1000. Sehemu moja ya dakika ishirini na kitu inahitaji maelfu ya michoro, na kuikamilisha huchukua miezi, ilhali televisheni inaidai kila wiki. Kwa hiyo sehemu kadhaa hutengenezwa kwa wakati mmoja, na hakuna nyumba moja inayoweza kuubeba mzigo huo peke yake.

Kazi hugawanywa hivi. Mchoraji mkuu huchora mikao muhimu: ngumi imeinuliwa, ngumi imefika. Mchoraji wa kati hujaza safari ya ngumi kutoka hapa hadi pale. Mwingine anatia rangi. Michoro ya kati na rangi ndiyo hasa inayopelekwa nje, kwa studio ndogo za Japani kwenyewe, na tangu miongo mingi nyuma Korea Kusini, China na Ufilipino. Toei, wenye One Piece na Dragon Ball, wana studio Ufilipino tangu 1986. Wakati mwingine hata sehemu nzima, toka mwanzo hadi mwisho, hukabidhiwa studio nyingine, na mwishoni lile kundi zima la watu hupata mstari mmoja wenye jina la studio yao. Juu kabisa ya mnyororo huo hukaa kamati ya wawekezaji inayomiliki haki. Studio mara nyingi hulipwa ada ya kutengeneza tu, na mchoraji wa kati hulipwa kwa mchoro. Huko Japani kiwango kinachotajwa sana ni takriban yeni 200 kwa mchoro mmoja.

Na sisi watazamaji tuna tabia mbaya. Uso wa shujaa ukionekana umevimba, tunasema, "Hii wamewapa watu wa nje." Ikiwa nzuri, tunalisifu jina kubwa. Lawama inashuka, sifa inapanda. Mnakumbuka sehemu ya 167 ya Naruto Shippuden, pambano na Pain, jinsi watu walivyoicheka kwamba imechorwa na vibarua? Ule ulikuwa mtindo uliokusudiwa na wachoraji wenye sifa zao. Vibarua walibebeshwa lawama ya kazi ambayo hata haikuwa yao.

Rafiki yangu anayesoma uchumi hakuliona tatizo langu. "Umempa njia," aliniambia. "Wakorea walianza hivyo hivyo." Ana hoja, tena nzito. Watu waliokuwa wakichora Seoul kwa ajili ya wenye kazi wa Marekani na Japani walipata mkono na nidhamu. Mmoja wao, Yoo Jae-myung, alianzisha Studio Mir mwaka 2010, na miaka miwili baadaye dunia ikaiona The Legend of Korra. Kwetu Afrika Mashariki pia, Tinga Tinga Tales ilichorwa Nairobi kwa ajili ya watoto wa Uingereza, na vijana wengi walijifunza kazi pale. Kigali inatamani kazi za aina hiyo, nami simo katika wanaozibeza. Ila njia anayoisema rafiki yangu huanzia kwenye jina. Kijana wangu akienda kesho kuomba kazi, aonyeshe nini? Katuni yenye jina langu?

Nikarudi kwenye vitabu, na kumbe tatizo ni kongwe kuliko televisheni. Wanazuoni wa zamani walijadili fundi cherehani anayepokea nguo kwa bei fulani, kisha akampa fundi mwingine aishone kwa bei ndogo. Je, tofauti ile ni halali kwake? Wapo walioruhusu. Wapo waliochukia, isipokuwa kama yule wa kwanza ameongeza kazi yake mwenyewe, kwa mfano amekata kitambaa. Nenda soko la Kimironko uone kisa hicho kikiwa hai: unampimisha mmoja, anakata, anashona mwingine unayemsikia tu akikanyaga cherehani. Hakuna anayeona haramu hapo. Nami nilikuwa nimekata kitambaa: michoro mikuu ilikuwa yangu. Nikapumua.

Kisha nikamweleza ustadh wangu baada ya swala ya alasiri, Nyamirambo. Hakuuliza juu ya bei. Aliuliza, "Mwenye kazi alijua?"

Hakujua. Walinichagua baada ya kuangalia michoro yangu. Walidhani wanaukodi mkono wangu. Na kijana naye hakujua kwamba nimelipwa 450,000. Katikati ya watu wawili wasiojuana nilisimama mimi peke yangu, nikiwa ndiye pekee mwenye hesabu yote.

Giza hilo la katikati linaweza kwenda mbali sana. Aprili 2024 watafiti wa 38 North huko Marekani walitoa ripoti kuhusu kompyuta moja iliyoachwa wazi kwenye intaneti. Ndani yake mlikuwa na faili za katuni na maelekezo ya kusahihisha michoro, na dalili kwamba kazi hiyo ilikuwa ikifanywa Korea Kaskazini, nchi iliyo chini ya vikwazo, ambako mchoraji hana wa kumlalamikia. Miongoni mwa faili zilikuwemo za mfululizo wa Kijapani, Dahliya in Bloom, na za Iyanu, kisa cha binti wa Kiafrika kilichobuniwa na Mnigeria Roye Okupe. Hakukuwa na ushahidi kwamba wenye katuni walijua. Kazi ilipitishwa, ikapitishwa tena, mpaka ikafika mahali ambapo hakuna aliyeuliza. Hadithi tuliyofurahi kuiita yetu, na huenda baadhi ya michoro yake ilipita mikononi mwa mtu asiyeruhusiwa hata kuitaja.

Siku zote niliisoma Surat al-Mutaffifin nikiwafikiria wauza mchele na mizani zao. Lakini aya iliyonipata mimi ni ya 188 ya Aal-Imran, inayowaonya wanaopenda kusifiwa kwa wasiyoyafanya. Na Mtume (s.a.w.) alimfananisha anayejipamba kwa asichopewa na mtu aliyevaa nguo mbili za uongo. Mbili, si moja. Nguo yangu ya kwanza ilikuwa lile jina ukutani. Ya pili, nadhani, ilikuwa ile alhamdulillah yangu.

Mtu ataniambia makubaliano ni makubaliano, kijana aliridhika. Aliridhika na 70,000 ni kweli. Kuhusu jina hakuulizwa. Sikumnunulia, wala yeye hakuliuza. Na ridhaa ya mtu asiyejua bei ya juu ina upungufu ambao siwezi kuufunika kwa kusema mkataba ulitimia. Sisemi kila dalali afungue daftari lake mbele ya kila kibarua, biashara isingekwenda. Nasema kwamba nilipokuwa naficha, nilijua naficha, na kwa nini.

Nililiandikia shirika kwamba michoro ya kati na rangi ni ya mwenzangu, nikaambatanisha faili jipya lenye majina mawili. Jibu lilikuwa mstari mmoja: nakala zimeshasambazwa, asante kwa taarifa. Basi ile yenye jina moja ndiyo itakayoendelea kuonyeshwa huko ilikopelekwa, na sina namna ya kuifuata.

Kisha nikamwita kijana kwenye kibaraza cha msikiti, nikamwambia kiasi nilicholipwa. Alinyamaza. Nikaona vidole vyake vikihesabu juu ya goti. "Kumbe, kaka," akasema, basi. Nikampa nyongeza niliyoona inastahili. Aliipokea bila kuhesabu, akaitia mfukoni, na kwa wiki moja hivi hakukaa karibu nami darsani.

Mwezi uliopita nilipata kazi nyingine, fupi kuliko ile. Safari hii nilimwonyesha barua yenyewe, na kiasi kilichoandikwa humo, nikamwambia ataje bei yake kabla sijataja yangu. Aliisoma mara mbili. Alitaja kiasi kikubwa kuliko nilivyotarajia.