Njia ni ya Nani?

Asafiriye kutoka Mpanda kwenda Sitalike, na kutoka huko akaingia Hifadhi ya Katavi, hukutana njiani na vyombo vya kila namna. Lipo lori lenye tela, limejaa mpunga wa Mpimbwe; lipo basi liendalo Sumbawanga; ipo pikipiki iliyobeba abiria na gunia; upo mkokoteni wa ng'ombe; na mara nyingine lipo gari la wageni walalao na kupika humo humo. Ndani ya hifadhi tembo naye huvuka bila kumwomba mtu ruhusa. Wote hao njia yao ni moja. Basi, ndugu wasomaji, twauliza: njia hiyo ni ya nani?

Kila mtu atajibu kwamba ni ya wote. Lakini matendo yetu hayasemi hivyo. Mwenye gari jepesi husema moyoni kwamba njia ni ya mwenye haraka. Na mwenye lori husema ni ya mwenye ukubwa.

Tumtazame kwanza huyu mwenye gari jepesi. Amelifuata tela kwa muda mrefu, vumbi lamwingia machoni, naye asema: "Dereva yule ana kiburi, hataki kunipisha." Je, ajua mwenzake amebeba nini? Sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 yaruhusu lori na tela lake kufikia uzito wa tani 56. Mzigo wa namna hiyo hausimami kwa kukanyaga breki mara moja. Penye kona magurudumu ya tela hukata kwa ndani, wala hayafuati nyayo za kichwa cha lori. Penye mteremko tela humsukuma anayelivuta. Basi alichokiita kiburi mara nyingi ni hadhari. Kumhukumu mtu kabla ya kuujua mzigo wake ni udhalimu, hata kama hukumu hiyo haikutoka kinywani.

Lakini mwenye tela naye asijitakase. Avutaye kitu nyuma yake hana haki ya kukisahau. Akiona msururu wa magari umemfuata, na mbele pana mahali pa kusogea pembeni kwa usalama, yafaa asogee. Tena yuko juu, aona mbali, na mara nyingi humwashia wa nyuma taa kumwambia kwamba njia ni nyeupe, apite. Taa ile ni neno. Aiwashaye bila kutazama vema amesema uongo unaoweza kuua. Na apitaye kwa kuiamini taa tu, bila kutazama kwa macho yake mwenyewe, ameutupa wajibu wake kwa mtu mwingine.

Watakuwapo watakaosema: "Kupisha ni hisani, mwenye moyo mwema atapisha, asiye nao haumbuliwi." Hapo hatukubaliani nao. Hisani mtu huitoa katika mali yake mwenyewe. Njia si mali yangu. Nikimpisha mwenzangu simpi kilicho changu, bali namwachia kilicho chake. Ndiyo kusema kwamba kupishana ni haki, na anayekataa kupisha amekosa haki, si adabu tu.

Na katika haki hiyo mwenye nguvu ndiye atangulie. Wachungaji wa Abramu na wa Lutu walipogombana kwa kuwa nchi haikuwatosha, Abramu aliyekuwa mkubwa ndiye aliyemwachia mdogo achague kwanza. Kadhalika Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 yambana zaidi mwenye chombo kizito: gari lipitalo kilo 3,500 lisizidi kilometa 80 kwa saa. Uzito haumpi mtu haki zaidi, wamwongezea wajibu. Mwenye lori amwogope Mungu kwa ajili ya gari dogo. Mwenye gari dogo kwa ajili ya baiskeli. Na wote kwa ajili ya mtoto atembeaye kwa miguu kwenda shule, ambaye hana bati lolote la kumkinga. Mwaka 2007 Vatikano ilipotoa mwongozo wa uchungaji wa barabarani, wenye amri kumi za madereva, ya kwanza ilikuwa ileile ya kutokuua.

Tusidhani kwamba maneno haya yawahusu madereva peke yao. Ni nani asiyepata kusikia ndani ya basi sauti ya abiria ikisema, "Kanyaga mafuta, tutachelewa"? Asemaye hivyo ameshika usukani pamoja na dereva, na likitokea la kutokea hawezi kunawa mikono. Baba na mama wamwombeao kijana wao aliye safarini wakumbuke kwamba yule waliyemkasirikia njiani jana naye anangojwa nyumbani.