Je, Sanaa Yaulisha Mji?

Wako watu wasemao kwamba ngoma haileti unga, wala picha haiezeki nyumba. Maneno haya tumeyasikia mara nyingi, sokoni Kayanga na hata katika mikutano ya watu wenye elimu: kwanza barabara, kwanza maji, kwanza bei ya kahawa; sanaa itafuata tumbo likishiba. Siku hizi wametokea wengine wasemao kinyume chake, nao huja na takwimu mkononi. Katika miaka ya karibuni hesabu za taifa zimeonyesha mara kadhaa kwamba kazi za sanaa na burudani zimekua kwa kasi kupita kazi nyingine, ijapokuwa sehemu yake katika pato zima la nchi haijafika hata asilimia 1. Hawa watuambia: Mpeni msanii nafasi, naye ataujenga mji.

Sisi twaona kwamba wale wa kwanza wamekosea hesabu, na hawa wa pili wamesahau kuuliza ni nani alipwaye.

Tuanze nyumbani, huku kwetu Karagwe. Bweranyange palikuwa makao ya Omukama Rumanyika. Speke na Grant walifika kwake mwezi wa Novemba 1861, naye Stanley akafika mwaka 1876. Stanley alionyeshwa nyumba ya hazina ya mfalme, akaona humo sanamu za wanyama zilizofuliwa kwa madini, na mikuki ambayo haikukusudiwa kumchoma mtu yeyote. Wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta Bweranyange mavi ya chuma yaliyobaki katika kazi ya mafundi. Yaani tanuri la mhunzi halikuwa limefichwa porini, bali lilikuwa karibu na mlango wa mfalme. Na si ajabu. Mgeni aliyetoka mbali alijuaje kwamba amefika penye enzi? Alijua kwa kutazama kazi ya mikono ya fundi. Baadhi ya vitu hivyo vilichukuliwa baadaye hata Ujerumani, na watu wanaotaka kuviona hulipa nauli kwenda kwenye miji ya wenzetu.

Walakini hatutaki kumdanganya msomaji. Karibu na Bweranyange palikuwa na Kafuro, kituo cha wafanya biashara wa pwani, na hao hawakutembea miezi mingi ili kutazama ng'ombe wa chuma. Walifuata pembe za ndovu. Walileta nguo, shanga na waya wa shaba, wakarudi na pembe. Biashara hiyo ilipokoma, Kafuro haikubaki kuwa mji. Basi asitokee mtu akasema kwamba zamani sanaa pekee ililisha miji yetu. Lakini yafaa tuangalie tofauti. Tembo akishauawa, pembe yake haioti tena. Ujuzi wa mhunzi, akiwa na mwanafunzi, hubaki palepale mwaka hata mwaka.

Namna sanaa inavyoleta fedha mjini si fumbo, tena huonekana vizuri zaidi kwa mtu mmoja kuliko katika vitabu vya uchumi. Edward Saidi Tingatinga alitoka upande wa Tunduru kwenda Dar es Salaam kutafuta kazi kama vijana wengi. Karibu na mwaka 1968 alianza kuchora wanyama na ndege juu ya vipande vya ubao mwembamba wa dari, kwa rangi ya mafuta ya kawaida, ile ya kupakia milango na baiskeli. Picha ziliuzwa Oyster Bay, penye duka lililoitwa Morogoro Stores, ambapo wageni walikuja kununua mahitaji yao. Mwenye duka la rangi alipata mteja mpya, kadhalika na muuza mbao. Ndugu na jamaa walikuja kujifunza, wakapanga vyumba, wakala kwa mama ntilie. Tingatinga mwenyewe aliuawa kwa risasi mwaka 1972, miaka michache tu baada ya kuanza. Lakini wafuasi wake waliendelea, na mwaka 1990 wakaanzisha chama cha ushirika. Jina la mtu mmoja maskini limekuwa jina la aina ya uchoraji inayojulikana duniani.

Wakamba wa Kenya walitangulia katika njia hiyo. Yasimuliwa kwamba Mutisya Munge wa Wamunyu alijifunza kuchonga kwa mafundi wa nchi yetu wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, akarudi na ujuzi huo kwao. Mwaka 1963 wachongaji wa Kikamba walioishi Mombasa waliunda ushirika wao, na bidhaa zao zikasafiri ng'ambo. Unguja nako, tamasha la muziki la Sauti za Busara lilianza mwaka 2004, na kila lifanyikapo huwanufaisha wenye nyumba za wageni, mabaharia, madereva na wapishi ambao pengine hawajui kupiga hata kayamba. Mwaka 2016 fedha za kuliendesha zilipungua, tamasha halikufanyika. Hapo wengi ndipo walipotambua kwamba wimbo nao una gharama, na kwamba aliyekuwa akiilipa siye aliyekuwa akila faida yote.

Tena tusisahau Saida Karoli wa mkoa wetu huuhuu wa Kagera, aliyeimba kwa Kihaya mnamo mwaka 2001, akasikilizwa na nchi nzima hata na watu wasiojua neno moja la lugha yake. Mwaka 2016 wimbo wake uliimbwa upya na vijana wa Dar es Salaam ukapata mamilioni ya wasikilizaji wapya. Sheria ya hakimiliki tunayo tangu mwaka 1999. Lakini ni wapiga ngoma wangapi wa Nkwenda au Murongo wanaojua kwamba sheria hiyo yawahusu?

Hapa ndipo lilipo jambo lenyewe. Mtakatifu Thomas wa Akwino alifundisha kwamba sanaa ni akili iliyonyooka katika mambo ya kutengenezwa. Kwa maneno hayo mchonga sanamu, mwashi na mfuma mkeka huketi benchi moja. Hakusema kwamba mwashi alipwe fedha na mchongaji alipwe shukrani. Sisi ndio tuliosema hivyo, si kwa kinywa, bali kwa matendo. Katika harusi zetu mwenye magari ya kukodi hulipwa kabla ya siku yenyewe, naye mpiga ngoma huambiwa angoje mpaka wageni waondoke. Mama aliyefuma kikapu kwa wiki nzima huombwa apunguze bei na mtu ambaye dukani hulipa bei ya ndoo ya plastiki bila kufungua mdomo. Wengine hujitetea wakisema kwamba msanii hufurahia kazi yake, basi furaha hiyo ni nusu ya ujira. Hoja hii ni mbovu. Daktari naye aweza kuifurahia kazi yake, wala hatumpunguzii mshahara kwa sababu hiyo.

Itaulizwa: Je, kama sanaa haina faida, iachwe? Hasha. Ng'ombe wa chuma wa Bweranyange hakukamuliwa maziwa, wala hakuuzwa mnadani. Kitu kizuri chaweza kuwa na haki ya kuwapo hata kisipoleta senti. Nasi twaogopa kidogo maneno ya hawa wapya wanaoitazama sanaa kama ng'ombe wa maziwa, maana mkamuaji wa namna hiyo, maziwa yakipungua, hutafuta mchinjaji. Lakini kusema kwamba kitu hakipimwi kwa fedha si ruhusa ya kumnyima fedha aliyekitengeneza. Hayo ni mambo mawili, na aghalabu huchanganywa na yule anayedaiwa.

Kayanga na Omurushaka inakua mbele ya macho yetu. Mafundi wa kuchomelea hutengeneza mageti na madirisha yenye maua, nyota na ndege, na kila mmoja una mkono wake. Ukizoea kutazama, hutaulizia jina la fundi. Hao ni wajukuu wa wahunzi, wajue wasijue. Haingegharimu sana halmashauri zetu kuwatengea wafuma vikapu mahali pa kudumu sokoni penye paa, au kuagiza viti vya ofisi kwa maseremala wa hapa badala ya kungoja lori kutoka Mwanza.

Wala mwandishi wa ukurasa huu hawezi kunyoosha kidole kwa wengine tu. Alikuwa mjumbe katika kamati moja ya ujenzi iliyomwita kijana mchongaji atengeneze nguzo mbili za mbao na mlango wa nakshi. Muuza saruji alilipwa yote. Fundi wa umeme alilipwa yote. Kijana alipewa nusu, akaambiwa kwamba iliyobaki ni sadaka yake, ingawa hakuna aliyemwuliza kama apenda kuitoa. Mimi nilikuwapo, nikanyamaza. Baada ya miezi michache alifunga karakana yake akahamia Mwanza, na wale vijana wawili aliokuwa akiwafundisha sasa waendesha bodaboda. Waliotaka milango ya namna ile baadaye waliagiza kutoka nje ya wilaya, kwa bei kubwa zaidi, pamoja na gharama ya usafiri.

Mwaka huu kamati ilikubali, baada ya mabishano marefu, kulilipa deni lile. Tulimtumia fedha kwa simu. Hakutaja miaka iliyopita. Aliuliza kwanza kama ile nguzo ya kushoto imepasuka, kwa kuwa mbao ilikuwa bado mbichi kidogo alipoichonga, naye tangu siku ile haikumtoka moyoni.