Puto halina usukani



Oktoba moja nilifika Albuquerque, Marekani, kwenye tamasha la maputo ya hewa moto lililoanza mwaka 1972 kwa maputo 13 tu. Familia iliyonikaribisha ilisafiri kwa gari lenye vitanda na jiko ndani. Njia nzima baba alishika usukani: kushoto, kulia, anakotaka. Alfajiri maputo yakapaa, na kumbe puto halina usukani! Rubani huwasha moto apande, huachia hewa ya moto ashuke. Basi. Kwenda wapi, upepo ndio unaamua.

Nikaguswa, maana ahadi ya utii kwa askofu hunitisha. Nikikubali kutumwa popote, uhuru wangu utabaki wapi?

Lakini rubani hakai tu. Kuna asubuhi pale ambapo upepo wa chini huelekea kusini na wa juu kaskazini. Akichagua kimo vizuri, anaweza kurudi karibu na alikoanzia. Hatengenezi upepo, anautafuta. Na upepo ukiwa mkali haruki kabisa, kwa sababu si kila upepo ni wa kufuatwa.

Basi kutii si kuzima akili. Ni kuitumia kutambua Roho anavumia wapi, halafu kukubali kupaa. Uhuru wangu haujapotea, umepata kazi.

Hofu bado ninayo, sitawadanganya. Ila sasa najua cha kuomba: si usukani, bali sikio.

Na wewe, umeng'ang'ania usukani gani? Tuombeane.