Je, Sheria Moja kwa Wote Ni Haki?

Wako watu wanenao hivi: "Haki ni sheria moja kwa wote. Ashindaye mtihani na aingie chuoni, awe mwanamume au mwanamke." Neno hili lapendeza masikioni, lakini yatupasa kulipima.

Zamani za Waingereza shule za Tanganyika zilitengwa kwa rangi: za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika. Chuo cha Makerere, Uganda, kilipofunguliwa mwaka 1922, vijana wetu wa kiume walipata njia. Dada zao walikaa nje hata mwaka 1945, ndipo walipoingia wanawake sita. Basi mwanamke mweusi alikuwa na milango miwili ya kubisha, wa rangi na wa uanamke; na ndugu yake aliyekwisha kupita wa kwanza hakuuona wa pili.

Hata ng'ambo ilikuwa vivyo hivyo. Anna Julia Cooper alizaliwa mtumwa huko Marekani mwaka 1858. Katika shule yake ya watu weusi, Kiyunani kilikuwa somo la wanaume waliojiandaa kuwa wachungaji. Yeye aliomba kusoma, akakubaliwa. Na mwaka 1925 alipata udaktari katika Chuo Kikuu cha Paris.

Pengine mtu atasema, "Hayo ni ya wageni." Haya, tutazame kwetu. Novemba 1974, mjini Musoma, kando ya ziwa letu hili, chama cha TANU kiliazimu kwamba mwanafunzi afanye kazi kwanza ndipo aingie Chuo Kikuu. Sheria ilikuwa moja kwa wote, na nia yake njema. Lakini katika miaka ile ya kungoja, kijana wa kiume alingoja tu. Msichana aliposwa, akaolewa, akashikwa na malezi. Wanawake wakapungua chuoni, na mwaka 1976 Serikali ikawaruhusu waende moja kwa moja.

Je, huo ulikuwa upendeleo? La. Wahenga walinena, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Asiyeubeba huona mwepesi. Kupima watu kwa kibaba kimoja ni haki ikiwa wamepewa shamba moja na jembe moja. Bila hivyo, kibaba ni sawa, mavuno ni dhuluma.

Nasi wa Ilemela tusiwanyoshee vidole wakuu wa vyuo peke yao. Jua likichwa huko Kayenze, mvulana hushika daftari. Dada yake hushika ndoo, kisha sufuria, kisha mtoto mchanga. Asubuhi mwalimu huwapa mtihani mmoja. Tena, hata mwaka 2021 msichana aliyezaa alifukuzwa katika shule za Serikali. Sasa aruhusiwa kurudi, lakini ruhusa haimlei mtoto wake.

Basi, ee mzazi, mlango wa chuo kikuu waanzia jikoni kwako. Leo jioni mpe mwanao wa kiume ndoo, na binti yako umpe taa na kitabu. Ndipo sheria moja itakapokuwa haki.