Kurudi si Aibu

Somo: Luka 15:11–32



Wengi wetu tumeiona theluji kwa mbali tu, kule juu ya Kibo, ikimetameta asubuhi kabla mawingu hayajaifunika. Lakini katika nchi ya Norwei, kaskazini ya Ulaya, theluji hushuka hata kizingiti cha mlango. Watu wa huko, ambao wengi wao ni wa Kanisa la Kilutheri kama sisi, hutembea juu yake kwa ski, yaani mbao mbili ndefu, nyembamba, zilizopinda mbele, zifungwazo miguuni. Mwenye viatu tu huzama hata magotini. Mwenye ski hupita juu, na penye mteremko huteleza kama jahazi lenye upepo wa nyuma.

Basi mwisho wa juma, na hasa siku za Pasaka, watu hao huiacha miji yao wakapanda milimani. Usiku hulala katika nyumba ndogo za chama cha wasafiri wa milimani, kilichoanzishwa mwaka 1868. Nyingine hazina mtu wa kuzilinda. Ndani mna kuni, mablanketi na chakula. Mgeni hutumia, kisha huandika alichotumia na kukilipia bila kusimamiwa na mtu. Tena huandika kitabuni jina lake na mahali aendako, ili asipofika watu wajue pa kumtafuta. Na kutoka nyumba hata nyumba, waliotangulia huchomeka matawi ya miti katika theluji, ili ajaye nyuma asipotee.

Safari hiyo ni furaha kubwa. Walakini mlima haumjui mtu. Mlima ulio mrefu kuliko yote ya Norwei una mita 2,469, haufiki hata nusu ya Kibo. Lakini hatari yake si ndogo. Asubuhi jua huwaka. Saa chache baadaye upepo huvuma, theluji hurushwa, mbingu na nchi huwa weupe mmoja, na mtu asiione hata ncha ya ski zake. Nyayo zake hufutika nyuma yake, na upepo humnyang'anya joto la mwili. Katika siku za Pasaka za mwaka 1967 watu 18 walikufa katika milima ile. Mwaka huohuo Msalaba Mwekundu wa Norwei na chama kile cha wasafiri wakaeneza katika nchi yote sheria tisa za mlimani. Mtu ajizoeze kwanza. Asidharau habari za hali ya hewa. Awasikilize wenye kuujua mlima. Asiende peke yake. Na sheria ya nane, ijulikanayo kuliko zote, maana yake ni hii: geuka mapema, kurudi si aibu.

Mbona sheria ya mlimani itaje aibu? Kwa sababu walioitunga walijua moyo wa mwanadamu. Mara nyingi msafiri huliona wingu mapema, tena ana nguvu za kurudi. Lakini husema moyoni, "Nimewaambia watu nitafika. Nikirudi watanicheka. Tena nimekwisha kupita nusu ya njia." Ndivyo ajiongezeavyo hatua, na kila hatua humtia mbali zaidi na moto wa nyumba alikotoka.

Mwaka 1911 Roald Amundsen, mtu wa Norwei, alikuwa akiitafuta Ncha ya Kusini ya dunia. Mwezi wa Septemba alitoka na wenzake kwa ski na mbwa, lakini walitoka mapema mno. Baridi ikapita nyuzi 50 chini ya sifuri, na visigino vya wengine vikaumizwa na baridi. Wakarudi. Mwezi wa Oktoba wakatoka tena, watu watano, na tarehe 14 Desemba wakafika. Kisha wote watano wakarudi wazima. Kama wangaliona haya kurudi Septemba, huenda Desemba wasingalikuwapo. Ndiyo maana wazee wetu walisema, kawia ufike.

Ndugu zetu, neno hili toba limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni kurudi. Manabii nao, walipowaita Israeli watubu, walitumia neno la Kiebrania lenye maana ya kurudi. Basi kutubu si kulia tu, wala si kusema maneno ya huzuni. Ni kugeuka njiani na kuielekea nyumba ya Baba.

Wala hatusemi ni jambo jepesi. Upepo uliomsukuma msafiri mgongoni wakati wa kwenda humpiga usoni wakati wa kurudi. Mwana yule wa Luka 15 alirudi na njaa na matambara, naye njiani alikuwa ameyatengeneza maneno yake, aombe kuwekwa miongoni mwa watumishi. Lakini baba hakungoja mlangoni. Alimwona angali mbali, akamwendea mbio, akamkumbatia, wala hakumwacha ayamalize maneno yale. Aibu aliyokuja nayo mwana, baba aliifunika kwa vazi lililo bora.

Sasa tuwaulize wazee na walimu wa sharika: je, kwetu kurudi si aibu? Yupo aliyetengwa kwa ajili ya ulevi au ndoa isiyo halali. Amekwisha kuacha mabaya yake, lakini mwaka wa tatu huu hapiti karibu na kanisa. Sababu yake si kuichukia Injili. Anaogopa macho ya watu katika viti. Yupo na mzee aliyechukua kidogo katika fedha za sadaka, akisema atarudisha mwezi ujao. Na mwezi ulipokuja akachukua tena. Kila Jumapili huketi mbele, na moyoni yumo katika tufani. Anajua njia ya kurudi ni kuungama na kulipa. Lakini asema, nimekwisha kupita nusu ya njia.

Ndugu uliye hivyo, geuka leo. Nusu uliyoipita haikupi haki ya kupotea katika nusu iliyobaki. Nenda kwa mchungaji wako kabla ya jua kutua. Utasikia baridi usoni, ndiyo. Lakini yuko anayekuja mbio kukulaki.

Na sisi tuliobaki nyumbani, tujihadhari na ndugu mkubwa. Yeye hakwenda nchi ya mbali, lakini hadithi inapokwisha yeye ndiye anayesimama nje. Siku mtu arudishwapo kundini, tusinong'one wala tusiyahesabu makosa yake njiani kwenda nyumbani. Tumsogezee nafasi katika kiti, tumwite jioni ale pamoja nasi. Aliyerudi zamani na ayasimulie marejeo yake bila kuficha, maana ushuhuda wake ni tawi lililochomekwa katika theluji kwa ajili ya ajaye nyuma. Na usharika uwe kama nyumba ile ya mlimani: moto umewashwa, na kitabu kimefunguliwa, ili asiyefika ajulikane kwa jina na kutafutwa.

Mungu Baba, aliyetutafuta katika Mwanawe sisi sote tulipokuwa tungali mbali, atupe moyo wa kurudi, na mikono ya kuwapokea warudio. Amina.