NYUMBA YA WAGENI NI AMANA

Ndugu zetu Waislamu wa pwani, tulisafiri hadi Kaptagat, karibu na Eldoret, penye baridi na misitu, ambako Eliud Kipchoge na wenziwe hujizoeza mbio. Wageni wengi huko hukodi nyumba za siku chache. Nasi tulitanguliza arbuni. Tulipofika, twaambiwa nyumba ina watu. Kuuliza hati, hapana. Kuuliza leseni, hapana.

Tulighadhibika. Kisha tukajiuliza: na kwetu, Mombasa na Lamu, wangapi wasema, "Nyumba ni yangu, serikali yanitakia nini?"

Sheria ya Utalii ya mwaka 2011 yataka makao ya watalii yawe na leseni. Na Januari 2024, baada ya wanawake kuuawa katika nyumba za namna hii huko Nairobi, Mamlaka ya Kudhibiti Utalii iliwataka wenye nyumba hizo wajisajili. Basi hili si jambo la ada tu. Ni kuhifadhi nafsi, na kuhifadhi nafsi ni katika makusudio ya Sharia yetu.

Kukodisha nyumba ni ijara, na ijara haiswihi ila manufaa, muda na malipo yajulikane. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, katika Suratul Baqara, yaamuru deni liandikwe. Basi mwenye nyumba naaandikiane na mgeni wake, wala mgeni asiingize watu asiowataja.

Haifai kuswali safu ya kwanza, kisha kumdanganya mgeni mlangoni. Wallahu aalam.